Tochi za zamani za jeshi: kabla hujaipiga msasa ya kwenu soma huu uzi

#1 Mleta uzi (Tanga)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, atakayechoka apumzike akanywe kahawa afu arudi. Nataka tuongelee tochi, ila sisemi hizi za kuchaji za siku hizi, nasema zile za jeshi za zamani. Kuna za Kimarekani za mawe mawili zenye shingo imepinda, kuna za Kijerumani bapa kama pakti ya sigara zina vioo vya rangi unavisukuma kwa kidole, na za Kiingereza zenye alama ya mshale. Mimi niko Ngamiani hapa Tanga na mpaka leo asubuhi ninazo 14 kwenye kabati la vyombo la marehemu bibi.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja nimemkuta juzi kwenye vyuma chakavu anaponda tochi kwa nyundo ili ikae vizuri kwenye mzani. Nimefika imeshalala bapa. Nikaokota kichwa nikakisoma, TL-122 ya chuma, toleo la mwanzo kabla Wamarekani hawajahamia kwenye plastiki kuokoa madini ya vita. Huku kwetu sijawahi kuiona nyingine. Imepimwa kwa gramu wakuu, sijalala vizuri usiku ule.

Mimi ilianza na tochi ya babu mzaa baba. Babu alikuwa Keya. Kwa mliozaliwa juzi, Keya ndio King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, wale waliopelekwa Habeshi 1941, Madagaska 1942 na mwisho Burma. Babu alikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na tope na malaria mpaka wakavuka mto Chindwin mwezi wa kumi na mbili. Akarudi salama, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mpaka akastaafu, na sisi wajukuu tulimkuta mzee mkimya ambaye hatoki nje usiku bila tochi yake.

Hiyo tochi ni ya plastiki ngumu ya kijani, shingo imepinda, ubavuni ina klipu ya kupachika kwenye mkanda. Mbele ya kioo alikuwa amefunga kitambaa chekundu, kipande cha kanga ya bibi, kimekazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Akitoka kwenda chooni au msikitini alfajiri unaona kaduara kekundu tu kanatembea uani hata mtu humuoni. Tukimuuliza babu mbona unaifunika anasema ukiwasha nyeupe ukizima huoni kitu, mpaka macho yarudi nyoka kashakuuma. Anasema walifundishwa vitani.

Nyumbani wote tunaiita tochi ya Burma. Alipofariki mambo yakagawanywa, huyu baiskeli huyu redio, mimi nikapewa tochi ya Burma na nikaona nimepewa kikubwa kuliko wote.

Sasa nilipoanza kusoma mambo haya nikakutana na ukweli ambao ulinikaa vibaya. Ubavuni imeandikwa MX-991/U. Wakuu, hiyo tochi haikuwepo Burma. Vita imeisha 1945, na tochi ya Mmarekani ya wakati ule ni TL-122. MX-991/U ni ya zama za Vietnam, miaka mingi baadae. Nilikaa nayo wiki kadhaa kabla sijamwambia baba, na nilipomwambia aliniuliza swali moja tu, kwahiyo mzee wangu alikuwa mwongo? Sikuwa na la kusema. Baadae nikakumbuka babu mwenyewe hajawahi hata siku moja kutamka kwamba katoka nayo Burma. Alisema mambo ya kufunika taa kafundishwa vitani, hayo ya tochi ni sisi wenyewe tuliyaunganisha.

Kuna jambo moja zaidi. MX-991/U kitako chake kina vifuniko viwili. Kikubwa unakifungua kutia mawe, na chini yake kabisa kuna kingine kidogo, ndani yake kuna kijumba cha kuwekea vioo vya rangi vya akiba. Hicho kidogo cha babu kimeganda, hakijawahi kufunguka tangu nikiwa mtoto. Naogopa kutumia nguvu, plastiki ya umri huo ikipasuka ndio basi. Mwenye mbinu anisaidie.

Naomba na nyie mlete za kwenu.

#2 Mdau (Dar)

Nimekaa hapa siondoki. Mkuu mimi naona kule kwenye soko la mitumba tochi za kijani za shingo kupinda zipo nyingi na wote wanasema ni za jeshi, mtu anajuaje ipi ya kweli ipi imetengenezwa juzi?

#3 Mleta uzi

Swali zuri sana hili ngoja nijibu taratibu.

Kwanza za Marekani. TL-122 ilikuwa mali ya kikosi cha mawasiliano cha jeshi lao, ndio maana pembeni ya swichi kuna kitufe cha kubonyeza kupeleka ishara za Morse, yaani herufi kwa kuwasha na kuzima taa. Inakula mawe makubwa mawili, haya haya ya redio. Ya mwanzo chuma, afu TL-122-B ikaja ya plastiki, afu TL-122-C ambayo wameiwekea mipira ya kuzuia maji na nafasi ya globu ya akiba. Hizo za plastiki zimetengenezwa na kampuni nyingi, utakuta jina USALITE, Bright Star au GITS kwenye bodi. Baada ya vita zikaja MX-99/U na ndio MX-991/U, hii unaitambua haraka kwa sababu swichi imewekewa kingo pande mbili isijiwashe ikigusana na begi. Askari akijiwashia taa porini bila kujua, anayemtafuta hahitaji kuhangaika.

Tatizo la MX-991/U ni kwamba imeigizwa na inaendelea kuigizwa, na ile ya kuigiza sura ni ile ile. Ishike mkononi. Ya zamani ni nzito kidogo, nyuzi za kufungia ni safi, maandishi yametoka pamoja na plastiki yenyewe hayajabandikwa. Ukibahatika kupata na boksi lake basi hesabu tarakimu za namba ya stoo. Mpaka 1974 Wamarekani walitumia namba ya tarakimu 11, kuanzia hapo ikawa 13 kwa kuongeza mbili katikati. Tochi hii ya babu kwenye mfumo wa zamani ni 6230-264-8261, kwenye mfumo mpya ni 6230-00-264-8261. Hizo sifuri mbili ndio zinakwambia boksi ni la kabla au la baada. Mtu akikuuzia boksi lenye sifuri mbili akakwambia hii imetoka Vietnam 1968, mrudishie kwa adabu.

Za Mwingereza tafuta mshale, kamshale ka mistari mitatu kanaangalia juu, hiyo ndio alama ya mali ya serikali, na mara nyingi jirani yake kuna mwaka. Na hapa ndipo penye kidonda changu. Tochi ya kwanza kununua kwa pesa yangu ilikuwa ya Mwingereza, ya bati, ina mshale na mwaka vimegongwa juu juu, imeshika kutu kidogo ubavuni. Nikampelekea fundi mmoja, simtaji, nikamwambia nisafishie. Nilipoirudia jioni inang'aa kama sufuria jipya. Kapiga msasa bodi yote kapuliza rangi ya fedha, mshale hakuna, mwaka hakuna. Yule fundi alikuwa anafurahi kabisa na mimi nikamlipa. Mpaka leo naishika ile tochi siwezi kusema ni ya mwaka gani, siwezi hata kumthibitishia mtu ni ya jeshi. Ndio maana kichwa cha uzi kinasema vile.

Za Mjerumani ni habari nyingine kabisa. Hizo hazishikwi mkononi, nyuma kuna kipande cha ngozi chenye tundu, unaining'iniza kwenye kifungo cha koti mikono ibaki huru. Ndani inakaa jiwe bapa la volti 4.5 na globu ya volti 3.5. Mbele kuna vioo vya rangi, kawaida nyekundu na kijani, nyingine na bluu, unavisukuma kwa vijiti vidogo. Majina utakayokutana nayo sana ni Daimon na Pertrix. Ninayo Pertrix moja na kila nikiishika naikumbuka habari yake, maana kiwanda cha Pertrix cha Berlin wakati wa vita kilifanyisha kazi watu kwa lazima wakiwemo wanawake waliotolewa kambi za mateso. Wengine wanaokusanya hawapendi kuliongelea. Mimi nimeliandika kwenye karatasi na nimeliweka ndani ya tochi pale pa jiwe, atakayeirithi alikute.

#4 Mdau (Bagamoyo)

Asalaam aleykum wadau. Mkuu umenigusa, mimi niko Bagamoyo, nyumba yetu ni ya zamani kule mji mkongwe, na kwenye sanduku la marehemu bibi tumekuta hiyo tochi bapa unayosema, ina ngozi na tundu la kifungo, rangi nyekundu na kijani. Wazee hapa wanasema iliachwa na Mjerumani alipokimbia Mwingereza alipoingia Bagamoyo mwezi wa nane 1916. Kuna mtu wa Dar anataka kuinunua kwa bei nzuri tu kwa sababu ya hiyo historia. Nyuma imeandikwa DAIMON, chini yake kuna herufi DBP. Nimuuzie?

#5 Mleta uzi

Waaleykum salaam ndugu yangu. Kabla ya kuuza niskilize maana nisingependa umwambie mnunuzi jambo ambalo kesho litakurudia.

DBP ni kifupi cha hati ya ugunduzi ya Ujerumani Magharibi, ile shirikisho iliyozaliwa 1949. Mjerumani wa kabla ya 1945 alikuwa anaandika D.R.P. au D.R.G.M., ile R ni ya Reich, dola yao ya zamani. Ukiona B badala ya R, basi tochi imetengenezwa baada ya vita ya pili. Haiwezi kuwa iliachwa 1916 ndugu yangu, wakati huo Bagamoyo ilikuwa inapigwa mizinga kutoka baharini na hiyo tochi bado haijafikiriwa.

Ila usiitupe wala usiidharau. Muulize mkubwa aliye hai hapo nyumbani nani alifanya kazi misheni, nani alikuwa dereva wa wageni, nani alikwenda kusoma nje. Kwa mtu wa Bagamoyo kuwa na kitu cha Kijerumani cha miaka ya hamsini au sitini ipo sababu, na sababu hiyo ndio mali yenyewe. Kwa mnunuzi mwambie DBP maana yake nini, akiitaka hivyo hivyo poa.

#6 Mdau (Bagamoyo)

Daah. Nimemuuliza mama sasa hivi. Anasema baba yake mdogo alikuwa anawaendeshea gari wazungu wa misheni na siku walipoondoka walimuachia vitu. Tochi anaikumbuka. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siiuzi tena mkuu.

#7 Mdau (fundi redio, Makorora)

Nimesoma uzi wote. Naomba niseme kama fundi maana nimeona mafundi tumeguswa hapo juu na mwenzetu kweli alikosea, ila wateja nao wanakuja na neno moja tu, safisha, hawasemi wanataka nini kibaki.

Tochi nyingi zinakufa kwa mawe kuachwa ndani, sio kwa vita wala uzee. Jiwe la kawaida lile la bei ndogo gamba lake ni zinki, na hiyo zinki ndio inayoliwa kutoa umeme, likiisha nguvu gamba linatoboka na maji yake yanatoka, yale ni ya asidi asidi. Hapo chukua magadi ya jikoni, koroga na maji kidogo, pitisha kwa mswaki wa zamani, povu likiisha futa kwa kitambaa chenye maji safi afu kausha juani kivulini, yaani pale penye joto lakini jua halipigi moja kwa moja. Mawe ya alkalaini ni kinyume, yakivuja unaona unga mweupe kama chumvi na huo sio asidi, huo ni ukali wa upande mwingine, dawa yake ni ndimu au siki. Ukikosea ukaweka ndimu kwenye uchafu wa asidi unaongeza moto. Na usiguse ule unga kwa mkono mtupu afu ukajipangusa jicho.

Kuhusu kitako cha babu yako. Wengi watakwambia mafuta ya taa. Usiweke. Kwanza plastiki ya zamani huijui itafanya nini na mafuta, pili sisi tunakaa pwani, kilichoshika pale kwenye nyuzi uwezekano mkubwa ni chumvi ya hewa na vumbi, na chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Toa mawe, toa globu, loweka kitako tu kwenye maji ya uvuguvugu, uvuguvugu wa kumuogeshea mtoto, lisaa lizima, badilisha maji yakipoa. Afu kata ukanda wa tyubu ya baiskeli uzungushe kwenye kifuniko upate mshiko, kaza kidogo kwanza kama unafunga, ndio urudishe kufungua. Ikikataa rudia kesho. Usitumie praizi!

Na mimi nina swali, kwanini msiweke globu za LED hizo tochi zikafanya kazi? Kitu kukaa kabatini tu mimi kinanisikitisha.

#8 Mleta uzi

Fundi nashukuru sana, la chumvi na mafuta sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kesho naloweka.

Kuhusu LED sina ugomvi kama ni ya kuchomeka na kuchomoa, yenye kitako sawa na globu ya asili. Globu ya zamani ukiitoa iweke kwenye pamba ndani ya boksi la kiberiti uandike ni ya tochi gani. Ninachokataa ni kuchomelea risasi, kukata springi, kutoboa kioo. Mwanga wa globu ya waya nao una lake, ni wa njano umetulia, na kwenye zile za Kijerumani vile vioo vya rangi vilipangwa kwa mwanga ule, ukiweka LED nyeupe kali nyekundu inageuka kama waridi.

Kwa wenye tochi za jiwe bapa la volti 4.5, najua halipatikani hapa. Lile jiwe ndani ni mawe matatu ya volti moja na nusu yameungwa mfululizo. Chukua matatu madogo ya rimoti, yafunge kwa karatasi ngumu, tumia vipande viwili vya bati la shaba kama ndimi, kifupi kiwe chanya kirefu kiwe hasi. Yangu nimeitengeneza hivyo, inawaka, na hakuna kilichobadilishwa kwenye tochi.

Na ile nyekundu ya babu sio imani tu. Jicho lina vipokezi vya aina mbili, vile vinavyoona gizani havishtushwi sana na mwanga mwekundu, kwahiyo unasoma ramani au unatazama njia afu ukizima giza bado unaliona. Mwanga mweupe unaviharibia kazi na vinachukua nusu saa hivi kurudi sawasawa.

#9 Mdau (Raskazone)

Mleta uzi mimi nakaa jirani na makaburi ya vita. Vipi kuhusu tochi za ile vita yetu wenyewe, vita vya nyuki? Kuna vijana wanapita na mashine za kutafutia vyuma wanasema wanachimba vitu vya 1914.

#10 Mleta uzi

Ya 1914 sina na sijawahi kuishika iliyotoka hapa. Novemba 1914 Jenerali Aitken wa Mwingereza alileta askari kama 8,000 kutoka India, wakashuka hapo kwenu Raskazone, wakakutana na watu kama 1,000 wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck wengi wao askari weusi, na nyuki wakachanganya mambo zaidi. Waingereza wakaondoka wakaacha bunduki kwa mamia na risasi kiasi cha 600,000. Ila tochi za umeme wakati ule zilikuwa bado changa, patenti ya tochi ya mkononi Marekani ni ya 1899 na zile za mwanzo zilikuwa zinamulika kidogo tu zinachoka, lazima uzipumzishe. Mawasiliano ya usiku ya majeshi yale yalitegemea zaidi taa za mafuta ya taa zenye kifuniko cha kupiga Morse, Waingereza walikuwa na iliyoitwa Begbie. Afisa mwenye uwezo aliweza kujinunulia tochi kama Orilux ya J.H. Steward wa London, ina mfuko wa ngozi, ila ni kwa pesa yake mwenyewe, haikuwa ya kugawiwa.

Hao vijana naomba muwaambie waache. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba bila kibali ni kosa, na pale kuna watu wamelala, Wahindi, Waingereza, Wajerumani na askari wetu ambao wengine hata jina halikuandikwa. Hata wakiniletea Orilux yenyewe nzima siichukui.

#11 Mdau (Kange)

Mkuu biashara vipi, hizi kitu zinalipa? Na za JWTZ je, unazo?

#12 Mleta uzi

Za JWTZ sina na sitafuti, na wewe usitafute. Vifaa na sare za jeshi letu sio vya raia kumiliki wala kuvaa, jeshi limeshatangaza mara nyingi, usijiingize matatizoni kwa sababu ya pambo la kabati. Biashara sijawahi kufanya. Ninanunua kwa bei ya skrepa na kuongeza kidogo, ya juu kabisa nimelipa 40,000, ni ile Philips ya kuminya namba 7424, haina mawe kabisa, ina dainamo ndani, iliundwa Eindhoven Uholanzi wakati nchi imekaliwa na Wajerumani na mawe hayapatikani. Ukiminya inalia wiiiu wiiiu na taa inapanda inashuka na pumzi ya mkono wako, Waholanzi wenyewe waliipa jina la paka wa kuminya. Mwanangu wa miaka minne akiisikia anatafuta paka yuko wapi.

#13 Mdau (Pangani)

Kaka shikamoo. Mimi sio wa kukusanya ila nimeguswa. Mjomba wangu alikwenda vita ya Kagera 1979 akiwa mgambo, alirudi na tochi ya kawaida tu ya bati ya mawe matatu yenye kichwa cha chui, mpaka leo anayo anasema ilimfikisha Kampala. Hiyo inahesabika? Maana sio ya jeshi.

#14 Mleta uzi

Marahaba dada yangu. Inahesabika kuliko nyingi za kwangu.

Hiyo ni Tiger Head ya Guangzhou China, bila shaka, ndio zilikuwa kila duka miaka ile pamoja na mawe ya National ya kiwanda cha Dar. Vita ya Kagera watu walikwenda na vya nyumbani mwao, na tochi ya dukani iliyobebwa na mtu mpaka Kampala imeona vita kuliko MX-991/U iliyokaa stoo Marekani mpaka ikauzwa kwa mafungu. Tatizo lake ni moja, haina mshale, haina namba, haina kitu cha kumwambia mtu wa kesho kwamba mimi nilikuwepo. Mjomba akifumba macho inabaki tochi ya bati.

Nakuomba fanya hivi wiki hii usingoje Idi. Kaa nae, muwekee simu irekodi, mwache aongee akiwa ameishika. Muulize aliinunua wapi, kwa nani, mawe alikuwa anapata wapi njiani, nani mwingine aliitumia. Muulize hilo bonde bonde la ubavuni limetokana na nini, maana nina uhakika lipo. Andika jina lake, kijiji na tarehe, karatasi uikunje uiweke ndani pasipo na mawe. Na asiipake rangi, wala asiing'arishe.

#15 Mdau (Pangani)

Bonde lipo kweli. Jumamosi nakwenda.

#16 Mleta uzi

Wakuu nimerudi. Siku nne zimepita, naandika haraka maana mikono bado inatetemeka kidogo.

Kitako kimefunguka. Siku ya kwanza kilikataa, ya pili kikakataa, leo baada ya asri nimeloweka tena, nikazungusha tyubu, nikakaza kwanza kama fundi alivyosema, kikalia krii kidogo, kikaja. Maji yaliyotoka kwenye nyuzi nimeyaonja kwa ncha ya ulimi, chumvi tupu.

Ndani vioo vipo, vyote, vimekaa kwa mpangilio wake, cha juu kabisa chekundu. Hakina mkwaruzo hata mmoja. Nimekishika kwenye mwanga nimetazama pembeni pembeni kutafuta alama ya kidole, hamna. Hakijawahi kutolewa. Yaani miaka yote ile babu anafunga kanga ya bibi na tyubu, kioo chekundu kilikuwa chini ya kiganja chake.

Nimempigia shangazi mkubwa yuko Muheza, ndio mtoto wa kwanza wa babu. Nikamuuliza kama nilivyomfundisha dada wa Pangani. Kanijibu bila kufikiria, ile tochi aliipata bandarini Tanga, kwa baharia wa meli iliyokuja kuchukua mkonge, alibadilishana na kuku wawili na kikapu cha machungwa ya Muheza, yeye shangazi ndio alibeba kikapu. Anasema kabla ya hapo babu alikuwa na tochi nyingine ya bati, na ile nayo alikuwa anaifunga kitambaa chekundu. Na kabla ya ile ya bati alikuwa na taa ya chemli, ameipaka kioo rangi nyekundu upande mmoja.

Nimekwenda kwa baba usiku huu huu. Nimemuwekea vyote mezani, tochi, kitambaa, kile kioo. Nimemsimulia ya shangazi. Alikichukua kile kioo akakizungusha sana kwenye taa, hakusema kitu kwa muda. Afu akasema hata angekiona asingekitumia, angekiweka kisipotee. Akanirudishia.

Nimevirudisha vioo ndani, nyuzi nimezikausha, kifuniko nimekifunga kwa mkono tu bila kukaza. Kitambaa nimekirudisha pale pale mbele na tyubu yake, imeshapasuka pasuka lakini bado inashika. Picha ntaweka kesho mchana kwenye mwanga mzuri, na dada wa Pangani nasubiri habari za Jumamosi.